JINA LA STEERE: ASILI YAKE UINGEREZA, NA WANAOLICHUKUA LEO

Katika mwaka wa jubilei majina ya maaskofu waliotutangulia husomwa tena mbele ya madhabahu: Mackenzie, Tozer, Steere, Smythies, Richardson, Hine, Weston. Watu wa mitaa yetu huyatamka majina hayo kama watamkavyo majina ya milima ya mbali, wasiulize maana yake. Walakini sisi twajua ya kuwa jina halitolewi bure. Mtoto akizaliwa katika dhiki huitwa Tabu. Akizaliwa wazazi wamekwisha kukata tamaa, huitwa Majaliwa. Basi si ajabu mwanafunzi mwenye akili akimwuliza mwalimu wake, "Na Steere maana yake nini?"

Maneno haya yameandikwa ili mwalimu apate la kumjibu. Tumelichagua jina la Steere kwa sababu mbili. Kwanza, ni jina la mtu aliyeifanyia kazi kubwa lugha yetu ya Kiswahili. Pili, ni jina la nadra hata kwao Uingereza, na historia ya jina la nadra hufundisha jambo ambalo jina la watu wengi haliwezi kulifundisha, yaani jinsi jina la ukoo linavyohifadhika, na jinsi linavyopotea. Jambo hilo latuhusu sisi wenyewe, kama tutakavyoona.

NAMNA WAINGEREZA WALIVYOPATA MAJINA YA UKOO

Zamani Mwingereza alikuwa na jina moja tu, kama wazee wetu walivyokuwa. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda nchi ya Uingereza, na majina yao yakaenea upesi, hata katika kijiji kimoja wakawapo akina John na William na Robert wengi. Bwana shamba akitaka kuandika nani amelipa kodi na nani hajalipa, jina moja halikumtosha. Ndipo waandishi walipoongeza jina la pili la kumpambanua mtu na mwenzake. Mwanzo jina hilo lilikuwa la mtu mwenyewe, likafa pamoja naye. Baadaye wenye ardhi wakaanza kuwarithisha wana wao jina pamoja na shamba, na watu wadogo wakawafuata polepole. Ilipofika yapata mwaka 1400, jamaa nyingi za Uingereza zilikuwa na jina la ukoo litokalo kwa baba kwenda kwa watoto.

Majina hayo ya pili yalikuwa ya namna nne, nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano, kwa kuwa maaskofu wetu wa kwanza watutosha.

Namna ya kwanza ni jina la baba. Richardson maana yake ni mwana wa Richard. Ni kama watu wa pwani wasemavyo Juma bin Ali, ila kwa Waingereza neno hilo liliganda: mjukuu wa Richard na kitukuu chake wakaendelea kuitwa "mwana wa Richard", ingawa baba zao waliitwa majina mengine. Mackenzie nalo ni la namna hiyo, lakini ni la Waskoti, katika lugha yao ya zamani.

Namna ya pili ni jina la mahali. Weston ni kijiji cha upande wa magharibi. Vijiji vyenye jina hilo viko vingi katika Uingereza, na mtu aliyehama kutoka kimojawapo aliitwa kwa jina la huko alikotoka.

Namna ya tatu ni jina la kazi. Tozer ni mtu wa kuchambua sufu ya kondoo na kuichana kabla haijasokotwa uzi, na jina hili ni la jimbo la Devon hasa, ambako kazi ya kufuma nguo za sufu iliwapa watu wengi riziki yao. Hine ni mtumishi wa nyumba au wa shamba. Smythies lina asili moja na Smith, yaani mhunzi.

Namna ya nne ni jina la utani, ambalo majirani humpa mtu kwa umbo lake, au kwa tabia yake, au kwa mnyama wanayemfananisha naye. Hapo ndipo tulipatapo jina la Steere.

MAANA YA STEERE

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa ni jina la ng'ombe dume kijana, yule ambaye sisi humwita maksai akiisha kuhasiwa na kufundishwa kazi. Mtu aliyeitwa hivyo mara ya kwanza labda alikuwa na nguvu nyingi, au alikuwa mshupavu asiyegeuzwa kwa maneno, au kazi yake ilikuwa kuwachunga ng'ombe na kuwafunga nira. Tusidhani ya kuwa jina hilo lilikuwa tusi. Siku zile mkulima wa Uingereza alilima kwa maksai, na kijiji kisichokuwa na maksai kililala njaa.

Jina hili laonekana tangu zamani hasa katika majimbo ya Surrey na Sussex, kusini ya London. Baina ya majimbo hayo iko nchi iitwayo Weald, yenye udongo mzito wa mfinyanzi na miti mingi ya mialoni. Udongo ule ukilowa mvua humshika mnyama miguuni, na mkulima wa huko aliona ng'ombe kuwa bora kuliko farasi, kwa sababu maksai huvuta polepole wala hakati tamaa. Katika Sussex watu waliendelea kulima kwa maksai hata mwanzo wa karne ya 20, wakati sehemu nyingi za Uingereza zilikuwa zimekwisha kuacha. Katika kijiji cha Ockley, jimbo la Surrey, palikaa jamaa mashuhuri ya akina Steere, wenye mashamba.

Tahajia yake nayo imebadilika-badilika. Zamani kila mwandishi aliandika kama sikio lake lilivyosikia, wala hapakuwa na sheria ya tahajia. Kwa hiyo twaona Steer, na Stear, na Steere yenye herufi moja zaidi mwishoni. Pengine ndugu wawili wa tumbo moja waliandikwa kila mmoja kwa namna yake, na watoto wao wakaendelea hivyo mpaka zikawa kama koo mbili. Neno Steer lisilo na herufi ya mwisho ndilo lililoenea zaidi katika Uingereza, na Steere ndilo lililobaki la wachache.

Edward Steere mwenyewe hakuzaliwa shambani. Alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria, kisha akawa kasisi, akapewa mtaa mdogo wa Little Steeping katika jimbo la Lincolnshire. Mwaka 1863 alitoka pamoja na Askofu Tozer, na mwaka 1864 wakafika Unguja. Jina si kitabu cha kusomea tabia ya mtu, wala hatusemi kwamba alifanya kazi kwa sababu ya jina lake. Lakini mtu akiitazama kazi ile hawezi kuacha kutabasamu akikumbuka maksai. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kiswahili, na mwaka huohuo kitabu cha hadithi alizozisikia kwa watu wa Unguja. Mwaka 1874 aliwekwa kuwa Askofu. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na mahali pale pale, Siku Kuu ya Kuzaliwa Bwana mwaka ule ule, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini liliwekwa. Steere ndiye aliyesimamia kuta zake na dari lake la matumbawe na saruji. Mwaka 1876 aliwapeleka watu waliowekwa huru barani, wakafanya makao Masasi. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Mwaka uliofuata Agano Jipya zima kwa Kiswahili likapigwa chapa.

KWA NINI MAJINA MENGINE NI YA NADRA

Mtu aweza kuuliza: Ikiwa majina yote yalianza siku zile zile, kwa nini Smith wawe malaki na Steere wawe wachache?

Sababu ya kwanza ni mwanzo wake. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina la Smith lilizaliwa mara elfu katika mahali elfu. Lakini jina la utani la Steere lilizaliwa mahali pachache, kwa watu wachache, na mto wenye chemchemi moja hauwezi kuwa mpana kama ule wenye chemchemi mia.

Sababu ya pili ni mauti. Mwaka 1348 tauni kubwa iliingia Uingereza, na kwa muda wa miaka miwili iliua watu wengi mno, labda theluthi au hata nusu ya watu wote. Jina lililokuwa na nyumba tatu tu liliweza kwisha kwa juma moja.

Sababu ya tatu ni ya kimya, nayo hufanya kazi hata wakati wa amani. Jina la ukoo la Kiingereza kwa desturi hupita kwa wana wa kiume. Tuseme wako wanaume 100, kila mmoja na jina lake peke yake. Tuseme tena 20 miongoni mwao wasijaliwe mtoto wa kiume. Hapo majina 20 yamekwisha katika kizazi kimoja, bila vita wala tauni, ingawa binti zao wako hai na wajukuu wanacheza uani. Katika kizazi cha pili mengine yatakwisha, na yale yenye wana wengi yatajaza nafasi zao. Jambo hili lilichunguzwa na Mwingereza mmoja mwanachuoni, Francis Galton, pamoja na kasisi mmoja, Henry William Watson, mkuu wa mtaa wa Berkswell, aliyekuwa hodari wa hesabu. Mwaka 1874 walionyesha kwa hesabu jinsi majina yanavyokufa. Watson alikata shauri kwamba hatimaye kila jina litakufa. Wenye hesabu waliokuja baadaye wakaonyesha kwamba sivyo: jina ambalo wenyeji wake wanazidi kuongezeka laweza kudumu, lakini jina la wachache limo hatarini siku zote.

Wasomaji wa Biblia hawataliona neno hili kuwa geni. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuzaa mwana, na Bwana akasema ya kwamba maneno yao ni ya haki. Na katika Ezra, sura ya 2, tunasoma habari za mtu aliyeoa binti wa Barzilai Mgileadi, akaitwa kwa jina la ukoo wa mkewe. Waingereza wenye mali walifanya vivyo hivyo: mtu akiwa na binti tu, mkwewe au mjukuu aliweza kupewa urithi kwa sharti alichukue jina la ukoo ule, lisipotee. Maskini hawakuwa na urithi wa kuuwekea sharti, na majina yao mengi yalikwenda zao.

WANAOLICHUKUA LEO

Jina la Steere halikufa. Lilivuka bahari. Katika karne ya 17 mtu mmoja, John Steere, alikaa Providence, katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Rhode Island la Marekani, na uzao wake ukaenea huko. Wengine waliolichukua jina hili Marekani wamejulikana kwa elimu. Joseph Beal Steere, wa Michigan, aliyefariki mwaka 1940, alisafiri mbali kukusanya ndege na mimea. Tena mganga Allen Steere na wenzake walieleza mwaka 1977 habari za ugonjwa wa viungo utokao kwa kupe, ambao umepewa jina la mji wa Lyme. Kutoka Ockley alitoka James George Lee Steere, akahamia Australia ya Magharibi, na mwaka 1890 akawa Spika wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria lililochaguliwa na watu huko, akakaa katika kiti hicho mpaka alipofariki mwaka 1903.

Hapa mwalimu na awaonye wanafunzi wake: jina moja si damu moja. Kwa kuwa neno la maksai lilikuwa la watu wote, watu wawili wasio na udugu waliweza kuitwa hivyo katika vijiji viwili. Mtu asiseme kwamba Askofu wetu na wale wa Rhode Island ni ndugu, mpaka aonyeshe vitabu.

Kuwahesabu nako ni kazi. Marekani hutoa hesabu ya majina. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2010 walipata majina ya ukoo 162,253 yenye watu 100 au zaidi kila moja, na la kwanza lilikuwa Smith, lenye watu 2,442,977. Steere limo katika orodha hiyo, lakini liko chini sana, mbali na majina makubwa. Katika Uingereza wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Bristol walianza mwaka 2010 kuchunguza asili ya majina ya ukoo, na mwaka 2016 kamusi yao ikatolewa na wapiga chapa wa Oxford, yenye majina zaidi ya 45,000. Humo mtu aweza kuona kwa kila jina, hata lile la wachache, limeandikwa wapi, mwaka gani, na katika kitabu gani.

Na vitabu vile walivipata wapi? Vingi vyao ni vitabu vya mitaa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila mtaa uwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Karatasi zikaanza kuoza, na mwaka 1598 mapadre wakaagizwa kuvinakili katika ngozi. Serikali yenyewe haikuanza kuandika vizazi na vifo vya watu wote mpaka mwaka 1837. Kwa miaka 300, basi, kama si karani wa mtaa na kalamu yake, jina la mchunga ng'ombe wa Surrey lisingejulikana leo na mtu yeyote.

SISI NA MAJINA YETU

Sasa tuyageuze macho yetu kwetu. Wazee husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Katika historia ya Kanisa letu neno hili laweza kusomwa pia kinyume: mtumwa ndiye aliyeachishwa asili. Mtoto aliyekamatwa barani na kuletwa pwani alinyang'anywa kwanza baba na mama, kisha jina. Mwenye kumnunua alimwita apendavyo, Feruzi au Almasi, kama mtu apangavyo vito vyake, au Mabruki, ili amletee baraka. Mtoto akiwa mdogo, baada ya miaka michache hata yeye mwenyewe hakuweza kusema ukoo wake ni upi.

Katika watu kama hao Kanisa letu lilianza. Wavulana watano wa kwanza ambao Sultani alimpa Askofu Tozer mwaka 1864 walikuwa watoto waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmojawapo alikuwa John Swedi, ambaye Askofu Steere alimfanya shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa naye alikuwa mtoto aliyeokolewa utumwani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza katika Misheni ya UMCA kupewa daraja ya kasisi. Tazameni majina hayo. Upande mmoja ni jina la Kizungu la ubatizo, upande wa pili ni jina la Kiswahili lililosalia. Mmoja aliitwa kwa jina lenye maana ya kwamba Mungu amejalia, na kwa kweli alijalia.

Askofu aliyeitwa kwa jina la maksai aliweza, kama angetaka, kulifuata jina lake katika vitabu vya makanisa miaka mia tatu nyuma. Mashemasi wake na wanafunzi wake wengi hawakuweza kulifuata jina la babu. Tofauti hii haikuwa ya akili, wala ya rangi ya mtu, wala Waafrika hawakukosa koo, kwa maana kila kabila la kwetu lina ukoo na miiko yake na wazee wa kuieleza. Tofauti ilikuwa kwamba wale wa kwanza walikuwa na kitabu na amani ya kukiweka, na hawa walivunjiwa nyumba na masimulizi yake pamoja.

Leo kitabu kimo mikononi mwetu. Kwa hiyo, enyi waalimu na makarani wa mitaa, jubilei hii na itukumbushe mambo matatu ya kutenda. La kwanza, mtoto akiletwa kubatizwa, liandikwe jina la ubatizo, na jina la nyumbani, na jina la ukoo, pamoja na majina ya baba na mama wote wawili. Tusimsahau mama, kwa kuwa tumeona jinsi jina linavyokufa likitegemea upande mmoja tu. La pili, tahajia iwe moja. Karani akiandika jina hivi katika cheti cha ubatizo, na mwalimu akaliandika vingine katika daftari ya shule, kijana hufanywa kuwa watu wawili, naye hutaabika anapotafuta kazi au anapodai shamba la marehemu baba yake. Mwulizeni mzazi, andikeni, kisha msomeeni alisikie. La tatu, vitabu vya zamani vilivyoanza kuliwa na mchwa vinakiliwe sasa, wakati wazee wawezao kuyasoma maandishi yale na kusema huyu alikuwa nani wangali hai.

Pia tusimwambie mtoto kwamba jina la babu yake ni la kishenzi na kwamba jina la Kizungu ndilo takatifu. Tumekwisha kuona kwamba majina ya maaskofu wetu wenyewe maana yake ni mchambua sufu, mtumishi wa shamba, mtu wa kijiji cha magharibi, na maksai. Majina hayo yalipata heshima kwa kazi ya walioyachukua. Majina ya kwetu yatapata heshima kwa njia ile ile.

Asubuhi ya Ufufuo Maria hakumtambua Bwana mpaka alipoitwa kwa jina lake. Mchungaji mwema awajua kondoo wake kwa majina, hata wale ambao majina yao yalipotea njiani kuja pwani, wala hakuna ukoo uliofutika mbele zake. Nasi tuliokabidhiwa vitabu vya mitaa tuyatunze majina ya kundi lake kwa uaminifu, ili watakaofanya jubilei ya miaka mia ijayo wayasome, na kumshukuru Mungu.